Nakohoa kila mazoezi yakiisha: nimwambie kocha au ninyamaze?

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa wenzangu, leo nimeona na mimi nijitoe aibu. Naomba jina langu lisitoke.

Mimi ni binti wa miaka 20, mzaliwa wa Tanga. Tangu Machi niko Njombe kwa ajili ya chuo. Mpira nacheza tangu shule ya msingi, ni winga wa kulia, na sifa yangu ni mbio. Nilipofika huku nikapata timu ya wanawake, na mfadhili wa timu ndiye anayenilipia hosteli. Hilo naomba uliweke akilini.

Wiki za mwanzo mlima ulinitesa kama unavyomtesa mtu yeyote wa pwani, kisha nikazoea. Aprili yote mvua inanyesha nami nacheza mechi nzima bila shida. Baridi ilipoingia Juni ndipo mambo yakageuka. Mazoezi yetu ni alfajiri kabla ya vipindi, na uwanja uko jirani na kiwanda cha mbao ambako huchoma maranda. Cha ajabu, nikiwa nakimbia niko sawa. Kocha akipuliza filimbi ya mwisho, nimeshakaa chini napumzika, ndipo kifua kinapobana. Nakohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na nikitoa pumzi kifua kinalia. Inachukua karibu saa nzima kutulia. Nimejizoesha kuinama na kufungua kamba za viatu polepole, nakohoa uso ukiwa umeelekea chini, wenzangu wanadhani nahangaika na fundo.

Nilienda duka la dawa muhimu nikaeleza, nikapewa vidonge vya salbutamol. Mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio hadi nikaogopa, nikaviacha. Ninayeishi naye chumba kimoja ana pumu tangu utotoni. Siku moja aliponiona nahangaika akanipa pampu yake ya bluu. Kifua kikafunguka mara moja. Tangu hapo kila siku ya mazoezi naichukua, naiweka ndani ya soksi, napuliza nyuma ya choo kabla hatujaanza. Inasaidia, ingawa siku hizi naona nguvu yake imepungua.

Kocha anasema sina pumzi, ananiongezea raundi. Kuna mwenzetu aliwahi kulalamika goti, kocha akamjibu mbele ya wote: "Hapa ni timu, siyo wodi." Baada ya muda yule dada hakuonekana tena. Mimi nikitolewa nitalala wapi?

Mama sijamwambia. Kaka yake, yaani mjomba wangu, alifariki kwa pumu, alikutwa asubuhi pampu ikiwa mkononi. Mama anaamini ile pampu ndiyo iliyomuua, kwamba ukishaizoea moyo unachoka. Akijua natumia, atanirudisha Tanga siku hiyo hiyo. Tena kwetu wanasema pumu ni ya ukoo, binti akijulikana anayo hata posa hazigongi mlango.

Septemba nimeitwa kwenye majaribio na timu inayocheza Ligi Kuu ya Wanawake. Sijui kama nina pumu kweli, maana nikiwa sichezi sina tatizo lolote. Nimwambie kocha? Nimwambie mama? Au ninyamaze mpaka majaribio yapite, halafu ndiyo nijue la kufanya? Usiku nawaza hata kurudi nyumbani niachane na mpira.

Winga, Njombe

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika. Na unajiangalia vizuri kuliko unavyojua: umetaja kifua kinabana wakati gani, kinatulia baada ya muda gani, na mwezi gani kilianza. Daktari akiyasikia hayo kutoka kinywani mwako ameshapata nusu ya kazi yake.

Ngoja nilirudie jambo lako, unisahihishe nikipotoka. Kifua chako kinabana baada ya mazoezi ya alfajiri ya baridi. Dawa inayokusaidia si yako. Kocha anaita uvivu, mama akisikia ataita kifo, na wewe hujui uite nini. Katikati yao kuna kitanda cha hosteli na majaribio ya Septemba. Kwa hiyo kuna shida ya kifua na kuna shida ya siri, na nikisoma barua yako naona siri ndiyo inayokunyima usingizi. Ya kifua ina vipimo na dawa, kwa hiyo tuanze nayo.

Unauliza kama una pumu. Hilo silijui mimi, halijui kocha, wala mwenzako wa chumbani. Unayoyaeleza yanafanana sana na hali ambayo mirija ya hewa hubana kwa sababu ya mazoezi. Watu wengi wenye pumu huipata hali hii wakikimbia. Lakini wapo pia ambao hawana pumu kabisa, hawakohoi usiku, hawabanwi na vumbi wala mafua, na bado wakikimbia kwa nguvu kwenye hewa kavu mirija yao hujifunga kwa muda. Tena si wachache. Mwaka 1998 watafiti wa Kenya walichapisha matokeo ya watoto wa shule za msingi waliokimbizwa kisha wakapimwa pumzi. Nairobi, watoto 22.9 kati ya kila 100 mirija yao ilibana baada ya kukimbia. Kijijini Murang'a walikuwa 13.2. Kwenye timu ya wachezaji ishirini na kitu, sitashangaa kama hauko peke yako unayehangaika na kamba za viatu.

Kwa nini Njombe na si Tanga? Alfajiri ukitoa pumzi uwanjani, unauona ule mvuke mweupe mbele ya mdomo. Hayo ni maji yako, yametoka kwenye kuta za mirija ya hewa. Hewa ya baridi, hata iliyojaa ukungu, hubeba maji kidogo sana, na mwili hauwezi kuipeleka mapafuni ilivyo. Lazima uipashe moto na kuilowesha njiani. Ukiwa umekaa unavuta lita sita hadi nane kwa dakika, na pua inaimudu kazi hiyo. Winga anayepanda na kushuka anavuta zaidi ya mara kumi ya hapo, tena kwa mdomo. Kuta zinakauka, chumvi iliyomo inakolea, chembe za kinga zilizo pale zinashtuka na kumwaga kemikali kama histamini, na misuli myembamba inayozunguka mirija inakaza. Tanga hewa inafika kifuani ikiwa na joto na unyevu wake tayari. Mwili ni uleule, kilichobadilika ni hewa. Ongeza moshi wa maranda juu yake.

Na kwamba inakuja ukishasimama, hilo nalo ni la kawaida mno. Ukiwa kwenye mbio, zile pumzi kubwa zenyewe husaidia kuiweka mirija wazi. Ukisimama msaada huo unaisha, mbano unafika kileleni dakika tano hadi kumi baadaye, kisha unalegea taratibu ndani ya nusu saa hadi saa moja na nusu. Kocha anaona binti aliyekimbia vizuri halafu ghafla anahema, anasema hana pumzi. Simtetei, ila naelewa kwa nini macho yake yanamdanganya. Raundi za nyongeza hazitibu kitu hapa.

Sasa nikuulize jambo. Una uhakika ni mirija? Nauliza kwa sababu hata madaktari wakienda kwa dalili peke yake hukosea mara nyingi. Kuna wasichana, hasa wanariadha wa umri wako, ambao tatizo liko kooni: nyuzi za sauti hujifunga wakati wa kuvuta hewa ndani. Hao hubanwa wakiwa kwenye kilele cha mbio, mlio hutoka wakivuta pumzi, na hupoa dakika chache tu baada ya kusimama. Wewe mlio wako ni wakati wa kutoa pumzi na unadumu, hivyo haifanani sana, lakini mwambie daktari tofauti hiyo. Upungufu wa damu nao huiba pumzi. Kama hedhi yako ni nzito, litaje bila haya. Sikoseli au vinasaba vyake vipo sana ukanda wa pwani, na mtu anayekimbia kwenye mwinuko ni vizuri ajue hali yake. Moyo utasikilizwa. Na kikohozi kilichopita wiki mbili, kwa nchi yetu, ni haki yako kupimwa kifua kikuu. Makohozi hupimwa bure kwenye vituo vya serikali. Sikutishi, mwanangu. Nataka tu usije ukabeba jina la ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

Kipimo chenyewe si cha kuogopa. Ukifika hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kipimo cha pumzi. Unapuliza kwenye mashine, unakimbizwa au unaendeshwa baiskeli kwa nguvu dakika sita hadi nane, kisha unapuliza tena mara kadhaa kwa muda wa nusu saa hivi. Hewa unayoitoa kwa sekunde ya kwanza ikishuka kwa asilimia 10 au zaidi, jibu limepatikana. Pasipo na mashine kubwa, kipo kile kibomba cha mkononi cha kupima kasi ya pumzi. Si sahihi kama mashine, ila kinasema kitu. Ukipuliza umepumzika ukapata nambari nzuri, usikatae matokeo wala usiruke kwa furaha: wenye hali hii wengi hupuliza vizuri kabisa wakiwa wametulia. Sisitiza upimwe baada ya kukimbia, na umuulize daktari mapema ni dawa gani uache kabla ya kipimo na kwa muda gani, maana ukipuliza pampu asubuhi hiyo kipimo kitaficha ukweli.

Hapo kwenye pampu nitakaza sauti kidogo. Ile ni ya mwenzako, na siku akibanwa usiku wa manane halafu chupa iko tupu, hutajisamehe. Pampu nyingi za bluu zina dozi 200 na nyingi hazina namba ya kuonyesha zimebaki ngapi. Mrudishie, na umwambie ukweli kwamba umekuwa ukiitumia kila siku ya mazoezi, ili ajue anunue nyingine.

Nguvu yake kupungua hujajidanganya. Salbutamol ya kupuliza, ndiyo dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu, ukiivuta dakika 5 hadi 20 kabla ya mazoezi, huwakinga wengi kwa saa mbili hadi nne. Ikigeuzwa ya kila siku, kinga hiyo hufifia, na ukibanwa nayo huchelewa kukufungua. Ndiyo maana anayeihitaji karibu kila siku hupewa dawa nyingine, ile ya kutuliza uvimbe ndani ya mirija, inayovutwa kila siku hata pasipo dalili, na kazi yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Vile vidonge vilivyokutetemesha havina nafasi hapa. Vinazunguka mwili mzima ili vifike mahali ambapo pumzi moja ingefika, na huo mtetemo na mapigo ya moyo ndiyo gharama yake. Duka la dawa walikupa walichokuwa nacho.

Tena huenda hata hiyo ya bluu hufaidi nusu yake. Wengi huipuliza mdomoni kama marashi, dawa inaishia kwenye ulimi. Itikise, toa pumzi yote nje, ibane kwa midomo, anza kuvuta taratibu ndipo ubonyeze, kisha zuia pumzi hadi uhesabu kumi. Ikikushinda, omba bomba la kuvutia dawa linalokaa kati ya pampu na mdomo. Hata chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa umbo la pampu inafaa. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu mwaka 1999 na ikafanya kazi vizuri.

Nije kwa mama. Pole kwa msiba wa mjomba. Nimeusoma huo mstari wa pampu mkononi nikasimama, kwa sababu mama yako ameona kitu cha kweli. Mtu anayeitegemea pampu ya bluu peke yake, akiongeza dozi mwezi hadi mwezi wakati uvimbe wa ndani hautibiwi, yuko hatarini kweli. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hausemi tena kijana au mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake. Lakini kinachoua ni pumu iliyoachwa ikiwaka chini kwa chini, na pampu hukutwa mkononi kwa sababu ndicho kitu cha mwisho mtu anachokishika. Mama ameunganisha viwili hivyo, na kwa uchungu aliokuwa nao sidhani kama kuna aliyekaa naye chini kumfafanulia.

Ukimpigia simu leo na kusema "natumia pampu", atamwona kaka yake. Ukimpigia baada ya kipimo na kusema "nimepimwa, daktari amesema hivi, amenipa dawa hii", atakuwa na kitu cha kushika zaidi ya hofu. Upande wa pili, kusubiri kuna gharama: akisikia kwa mtu mwingine, au ukilazwa kabla hujamwambia, hataumia kwa ugonjwa, ataumia kwa kufichwa. Je, hakuna mtu kati yenu, mama mdogo, dada mkubwa, anayeweza kukaa naye unapompa habari? Na historia ya mjomba inahitajika pia kwa daktari: aliugua tangu lini, nani mwingine kwenu hubanwa kifua, nani ana mafua ya mzio au ngozi ya kuwasha. Mwenye majibu hayo ni mama. Kuhusu posa sitasema mengi. Una miaka 20 na majaribio mbele yako, wagonga mlango wangoje.

Sasa kocha, ambaye ndiye uliyemuuliza kwanza. Umeandika kwamba atakutoa. Unalijua hilo, au unalikisia kutokana na maneno aliyomwambia mtu mwingine kuhusu goti? Yule dada aliondolewa, au aliondoka mwenyewe kwa aibu? Sisemi unakosea. Wapo makocha ambao mchezaji akitaja dawa tu, jina lake linafutwa. Wapo pia wanaobwata mbele ya kundi na kusikiliza vizuri ukiwafuata pembeni. Wewe ndiye unayemwona kila alfajiri.

Ukinyamaza hadi Septemba, unalinda kitanda kwa sasa. Hatari yake ni kwamba ukibanwa vibaya uwanjani hakuna atakayejua afanye nini. Watakumwagia maji na kukupepea, pengine ndimu na chumvi, na dakika zitapita. Pia utaendelea kuchukua adhabu ya raundi ambazo ndizo zinazokubana. Ukimwambia sasa bila karatasi, unamwachia yeye aamue ni ugonjwa gani, na ameshaonyesha anavyoamua. Ukimwambia baada ya vipimo, unaenda na maneno ya daktari kwamba unaruhusiwa kucheza na dawa gani unatumia. Njia hiyo ina uzito zaidi, ila haina dhamana. Anaweza bado akasema timu siyo wodi. Kuna na njia ya katikati: kumwambia kwanza nahodha au anayebeba sanduku la huduma ya kwanza, ili angalau mtu mmoja uwanjani ajue pampu iko wapi. Lakini siri ya timu ya wasichana, unaijua mwenyewe inavyotembea.

Na kabla hujapima yote hayo, mtafute mfadhili au katibu, kwa njia ya kawaida tu, ujue makubaliano ya hosteli yanasemaje. Ni kwa mchezaji anayecheza, au kwa mwaka mzima wa masomo? Chuo kina nafasi ngapi za hosteli? Hofu yako kubwa imejengwa juu ya kitanda ambacho hujaniambia kama kimeandikwa popote. Ukilijua hilo, huenda mazungumzo na kocha yakapungua uzito. Huenda pia yakaongezeka, lakini utakuwa unajua unachezea nini.

Kama itakusaidia unapomkabili: Paula Radcliffe wa Uingereza aligunduliwa na pumu ya mazoezi akiwa msichana wa miaka 14, na mwaka 2003 alikimbia marathoni ya London kwa saa 2:15:25, rekodi ya dunia iliyokaa miaka 16. Kwenye Olimpiki ya 1984, kati ya wanamichezo 597 wa Marekani, 67 walikuwa na hali kama yako, na walirudi na medali 41. Sikuletei haya nikikuahidi medali, mwanangu. Nakuletea kwa ajili ya kocha, maana makocha wengi hupenda matokeo kuliko maelezo.

Wakati unasubiri kipimo kuna mambo madogo ya kujaribu. Pasha mwili dakika kumi hadi kumi na tano, na ndani yake weka mbio fupi za nguvu za nusu dakika zenye mapumziko katikati. Karibu nusu ya watu wenye hali hii, wakishachokoza mirija hivyo, huwa na saa mbili hivi ambazo haibani tena kwa ukali. Ndiyo maana ukiingizwa kutoka benchi ukiwa wa baridi, ukaambiwa "nenda kimbia", utaumia kuliko aliyeanza. Funga skafu nyepesi puani na mdomoni wakati wa kupasha, hewa unayoitoa inaloweka ile unayoivuta. Ukimaliza usikae ghafla, tembea polepole. Chagua upande wa uwanja ambao upepo haukuletei moshi, na ukiwa na mafua pumzika. Mazoezi ya jioni yakiwezekana, hewa huwa imepata joto kidogo. Hayo yote huwezi kuyaomba bila kusema kwa nini, naliona hilo.

Kuhusu majaribio, huenda asiwepo mtu wa kupima mkojo siku hiyo. Ukisajiliwa ligi ya juu, mambo ni mengine. Kanuni za kimataifa za dawa michezoni zinaruhusu salbutamol ya kuvuta, isizidi maikrogramu 1600 kwa saa 24 na isizidi 600 ndani ya saa 8. Pampu nyingi hutoa 100 kwa kila pumzi, kwa hiyo ni pumzi sita kwa saa nane, na ukifikia hapo tayari unahitaji daktari kuliko mwamuzi. Dawa za kuvuta za kutuliza uvimbe zinaruhusiwa kwa dozi za kawaida. Vidonge vya salbutamol vimepigwa marufuku wakati wote, na vidonge vya prednisolone, dawa ya kumeza ya kutuliza uvimbe, vimekatazwa wakati wa mashindano, labda uwe na kibali maalumu cha tiba. Binti anayenunua vidonge kimyakimya ana hatari ya kufungiwa kuliko anayevuta pampu kwa cheti cha daktari.

Kurudi Tanga nako ni chaguo halali, nisikufiche. Pengine kifua kitatulia kabisa. Utakuwa umeacha chuo kwa ajili ya shida ambayo haijapimwa, na kama ni pumu, itakufuata hadi Raskazone siku ya vumbi au mafua. Kuacha mpira nako, niulize tena ukishajua unaacha kwa sababu gani.

Ila kuna hali ambazo sitaki usubiri wala Septemba wala barua yangu nyingine. Ukizimia au kupata maumivu ya kifua ukiwa unakimbia, simamisha mazoezi hadi moyo uangaliwe. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au dawa ikikosa kukufungua, ni hospitali wakati huo huo, hata kwa bodaboda, hata kocha akijua, hata mama akijua. Na ukianza kukohoa usiku au kuamka umebanwa bila kukimbia, usingoje tarehe uliyopangiwa.

Ukipata majibu niandikie. Nitapenda kujua pia mama alisema nini kuhusu utoto wa mjomba, maana nadhani ana mengi ya kukusimulia kuliko hiyo asubuhi moja.